Ng'ombe wa Udongo na Ng'ombe wa Dhabihu

Mji wa Rongo, katika nchi ya Kamagambo upande wa kaskazini wa Kaunti ya Migori, umesimama penye njia panda: barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na mpakani Isebania yapita katikati yake, na barabara ya kwenda Homa Bay na ziwani huanzia papo hapo. Mtu akigeuka na kuelekea upande wa Wagusii wa Mugirango Kusini, hachukui muda kufika Tabaka, ambako ardhi imejaa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni, na ambako mikono ya wachongaji haikomi kutoa viboko, ndovu, simba, vifaru na twiga wadogo wa kutosha kulala katika kiganja. Wanyama hao wa mawe husafirishwa mpaka Nairobi, Mombasa na ng'ambo, wakawekwa juu ya meza na rafu za watu ambao hawajapata kuiona Tabaka wala kuisikia. Tuchukulie kwamba mmoja wao, kiboko mweupe, amefukiwa chini ya nyumba iliyobomoka katika mji wa London, na kwamba baada ya miaka elfu mbili amefukuliwa na wataalamu wasioijua lugha yetu wala lugha ya mwenye nyumba. Watasema nini? Yamkini mmoja atasema kuwa alikuwa mungu wa maji. Wa pili atasema ni sadaka ya kuombea mvua. Na wa tatu atasema ni kichezeo cha mtoto. Swali hilo ndilo linalowakabili wataalamu wa leo wazitazamapo sanamu ndogo za wanyama walizoziacha Warumi wa kale, nami naliona kuwa ni swali linalotugusa sisi wa nchi hii ya Nyanza Kusini, kwa sababu nitakazozieleza.

Sanamu hizo hupatikana karibu kila nchi iliyowahi kutawaliwa na Roma, kuanzia Uingereza mpaka Siria na Misri, na nyingi hazizidi urefu wa kidole: fahali, kondoo dume, nguruwe, farasi, mbwa, jogoo, kobe, hata panya, nyingine za shaba nyeusi, nyingine za risasi, nyingine za udongo uliokandamizwa katika kalibu na kuchomwa. Huko Gaul, ndiyo Ufaransa ya leo, katika bonde la mto Allier, walikuwako wafinyanzi waliotoa sanamu za udongo mweupe kwa wingi mno, miungu ya kike pamoja na wanyama na ndege, zikauzwa mpaka nchi za mbali. Biashara ya namna hiyo haisimami bila wanunuzi, na mnunuzi hatoi fedha yake bila haja. Basi kuijua haja ile ndiyo kuijua sanamu yenyewe.

Jibu la kwanza ni nadhiri. Mrumi alipopatwa na maradhi, au alipokuwa anakabili safari ya bahari, au mifugo yake ilipoanza kufa zizini, alisimama mbele ya mungu wake akaweka ahadi yenye masharti: ukinipa hili, nami nitakupa lile. Akipata alichokiomba, alikuwa na deni lisiloepukika, na alipolilipa, kama alikuwa na uwezo, aliliandikisha juu ya jiwe kwa herufi nne, V.S.L.M., zenye maana ya kuwa ameiondoa nadhiri yake kwa radhi ya moyo, naye mungu alistahili. Maelfu ya mawe ya namna hiyo yamesalia. Katika Italia yenyewe, hasa baina ya karne ya 4 na ya 2 kabla ya Kristo, watu walipeleka hekaluni viungo vya mwili vilivyofinyangwa kwa udongo, miguu, macho, mikono na matumbo ya uzazi, na pamoja na hivyo wakapeleka ng'ombe na nguruwe wa udongo. Na kwa kuwa kitu kilichokwisha kutolewa kwa mungu hakikuruhusiwa kutupwa jaani wala kurudi sokoni, makuhani walipoona rafu zimejaa walichimba mashimo ndani ya uwanja wa hekalu wakavifukia humo. Mashimo hayo ndiyo yaliyotuhifadhia khabari zao, kwa maana sanamu iliyotoka katika shimo la hekalu haihitaji kuulizwa ilikuwa ya nini.

Lakini kwa nini mtu apeleke ng'ombe wa udongo, na kumwacha ng'ombe mwenye damu? Servius, mwalimu wa lugha aliyeandika maelezo juu ya utenzi wa Virgil uitwao Aeneid, akiishi baina ya karne ya 4 na ya 5, ametuachia jawabu ambalo halikuacha shaka: katika mambo ya ibada, asema, kilichofananishwa hupokewa mahali pa kilicho kweli, na mnyama wa dhabihu akiwa ni wa shida kupatikana, hufanywa wa mkate au wa nta, akahesabiwa kuwa ndiye. Kwa mkaaji wa mji mkubwa, asiye na zizi wala malisho, anayenunua hata maji na kuni, fahali alikuwa ni ndoto. Bali sanamu ya fahali aliweza kuinunua katika kibanda kando ya hekalu, akaingia nayo mbele ya mungu bila kuona haya. Macrobius naye, aliyeandika katika karne ya 5, asema kwamba hata zile sanamu ndogo ambazo Warumi walipeana zawadi mwezi wa Desemba, katika siku za Saturnalia, asili yake ni badala ya vichwa vya binadamu vilivyokuwa vikitolewa zamani za giza. Tukubali tusikubali khabari hiyo ya asili, ukweli unabaki kuwa soko la sanamu lilikuwako, na kwamba sanamu iliyonunuliwa humo iliweza kwenda hekaluni, iliweza kwenda kwa rafiki, na iliweza kwenda mkononi mwa mtoto.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndiyo sababu pahali palipopatikana kitu pana thamani kuliko kitu chenyewe. Nitatoa mifano miwili kutoka Uingereza, yote miwili ya jimbo la Gloucestershire, kwa kuwa inaeleza vizuri kuliko maneno mengi. Katika Lydney, juu ya kilima kinachoutazama mto Severn, lilikuwako hekalu la mungu aliyeitwa Nodens, ambalo Mortimer Wheeler alilifukua katika miaka ya 1928 na 1929. Humo zimepatikana sanamu za mbwa kadhaa, mmojawapo wa shaba nyeusi, amelala akigeuza kichwa nyuma, kazi nzuri ya kustaajabisha. Mbwa kwa Nodens? Mtu aliyemkuta mbwa yule shambani angesema ni kipambo. Lakini hekalu lilikuwa na bafu na jengo refu lenye vyumba vya wagonjwa kulala, na wataalamu wakakumbuka kwamba huko Epidaurus, katika nchi ya Wayunani, maandishi ya hekalu la Asklepios yanasimulia wagonjwa walioponywa kwa kulambwa na mbwa watakatifu. Tena katika hekalu lile la Lydney kumepatikana kipande cha risasi chenye maneno ya mtu aitwaye Silvianus, aliyepoteza pete yake, akamwahidi Nodens nusu ya thamani yake endapo itarudi, akaomba kwamba mtu aitwaye Senicianus asipate afya mpaka atakapoileta hekaluni. Kwa hiyo tunajua bila ya kubahatisha kwamba watu wa pale waliweka nadhiri, na mbwa wale wanaingia katika khabari hiyo kwa mlango ulio wazi.

Mfano wa pili ni wa Uley, ambako uchimbaji wa miaka ya 1977 mpaka 1979 uliibua hekalu la Mercury, mungu wa wasafiri na wafanyabiashara. Mercury katika sanaa ya Warumi hufuatana na wanyama wake, jogoo na kondoo dume au beberu. Na pale Uley sanamu za wanyama hao zilikuwako. Lakini palikuwako na jambo kubwa zaidi: mifupa. Mifupa ya dhabihu iliyofukuliwa katika uwanja wa hekalu ilikuwa kwa sehemu kubwa mno ya mbuzi, kondoo na kuku, wanyama wale wale wa Mercury, wala si ng'ombe na nguruwe kama ilivyo katika vijiji vya jirani. Basi sanamu za Uley hazikuwa badala ya mnyama kwa mtu maskini peke yake, maana mnyama naye alichinjwa. Zilikuwa kama stakabadhi ya malipo, kwa kuwa nyama ya dhabihu huliwa ikaisha siku ile ile, bali jogoo wa shaba hubaki juu ya rafu akishuhudia kwamba fulani alilipa. Maelezo haya ni yangu, nami nayashikilia: Servius alisema kweli, lakini alisema nusu.

Nje ya mahekalu, wanyama wale wale walikuwa mipini ya visu, miguu ya makasha na vipambo vya taa, na wengine wamezikwa pamoja na watoto wachanga waliowachezea. Sanamu ya mbwa iliyonunuliwa mnadani, isiyo na khabari ya shimo wala ya tabaka la udongo, imepoteza ulimi wake kwa daima, hata iwe nzuri namna gani.

Sasa na tuiache Roma, turudi upande wetu wa dunia. Wakati wafinyanzi wa Italia wanajaza mahekalu yao kwa ng'ombe wa udongo, jambo la kufanana na hilo lilikwisha kutendeka katika nyanda za juu za Ethiopia, pahali paitwapo Hawelti, karibu na Aksum, ambako Mfaransa Henri de Contenson alifukua katika miaka ya 1958 na 1959 sanamu za udongo za wanyama, wakiwamo ng'ombe, pamoja na mifano ya nyumba, karibu na majengo ya ibada yaliyotangulia dola la Aksum. Na katika pwani yetu ya Waswahili kuna simba wa Shanga.

Shanga ni mji uliokufa katika kisiwa cha Pate, uliokaliwa tangu karne ya 8 mpaka mwanzo wa karne ya 15, na Mark Horton aliufukua katika miaka ya 1980, akiteremka tabaka baada ya tabaka mpaka akakuta, chini ya msikiti wa mawe, alama za misikiti ya miti iliyoutangulia. Katika udongo wa takriban mwaka 1100 alitokea simba mdogo wa shaba, wa mtindo wa Bara Hindi, asiyefanana na kitu chochote kingine cha mji ule. Horton na mwenzake T. Richard Blurton walimwandikia makala mwaka 1988 katika jarida la Antiquity, wakauliza kama ni kazi ya Bara Hindi, au ni ya mhunzi aliyekaa katika pwani hii akifuata sanaa ya huko, na kama aliwahi kutumika katika ibada ya Kihindu. Fikiri, msomaji: mji wa Waislamu, wenye msikiti tangu karne zake za mwanzo, na ndani yake mnyama wa shaba ambaye huenda mfanyabiashara mgeni alimwekea ubani na maua ndani ya chumba chake, mbali na kwao, akiomba pepo zisimwangushe. Ingekuwa simba yule ametoka mkononi mwa mwuza vitu vya kale katika kichochoro cha Lamu, tungalisema ameletwa na meli ya juzi tu. Ni udongo wa Shanga uliompa umri wake na maswali yake.

Wala wenyeji wa pwani, kwa Uislamu wao wote unaochukia sanamu, hawakuwaondoa wanyama kabisa katika mambo ya baraka. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kilichoundwa katika visiwa vya Lamu mpaka mwanzo wa karne ya 20, ulikuwa na omo lililochongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na mabaharia walisema kwamba ni ngamia wa Mtume. Na Mombasa, katika Siku ya Mwaka, ng'ombe alizungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa, ili balaa zote zimfuate na mji usalimike, na kaburi la Shehe Mvita likawa ndicho kituo cha dua. Mzee Cato, Mrumi aliyeandika kitabu cha ukulima katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anamwelekeza mwenye shamba awazungushe nguruwe, kondoo na fahali kuuzunguka mpaka wa ardhi yake, akimwomba mungu Mars ayazuie maradhi, ukame na tufani, kisha awachinje. Sisemi kwamba Mombasa ilijifunza kwa Roma. Nasema kwamba mkulima na mji wenye hofu hufikia njia moja bila kuelekezana.

Katika nchi hii ya Wajaluo mambo yalikuwa ya namna nyingine, nayo yanastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu wageni wengi walipita hapa wakaandika kwamba watu wa Nyanza hawakuwa na ibada, kwa kuwa hawakuona hekalu wala sanamu. Hawakuona kwa kuwa hazikuwako, wala hazikuhitajika. Ng'ombe alikuwa zizini, katikati ya boma. Mbuzi alikuwa nyuma ya nyumba. Kuku alikuwa miguuni. Mwenye haja na Nyasaye, yaani Mungu, au na wazee wake waliotangulia, alimtwaa mnyama aliye hai, akasema naye maneno yaliyo wajibu, akamchinja, na ndugu wakala pamoja. Na ulaji huo haukuwa nyongeza ya ibada, ulikuwa ndio ibada. Mnyama wa udongo haliwi, kwa hiyo hawezi kuwakutanisha ndugu waliogombana wala kumtuliza mzee aliyesahauliwa na wanawe. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo na mtumishi wa kanisa la Waadventista, aliyakusanya mengi ya mambo hayo katika kitabu chake cha Kijaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka mwaka 1938, na sisi tuliozaliwa baadaye tuna deni kwake.

Hata hivyo shauri la badala halikuwa geni katika ukoo mkubwa wa watu hawa. E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa miongoni mwa Wanuer wa Sudan Kusini ya leo, ambao lugha yao ina udugu na Kijaluo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya dini yao kwamba Mnuer asiyekuwa na fahali wa kuchinja hutwaa tango la porini, akalisemesha kama asemavyo na fahali, akaliita fahali, kisha akalipasua vipande viwili kwa mkuki. Mungu, kwa imani yao, hulipokea. Servius angalimwelewa mtu huyo mara moja, ingawa mmoja alikuwa na nta ya nyuki na mwingine tunda la nyika, na baina yao palikuwa na jangwa na miaka elfu na mia tano.

Nani asiyejua, katika Kamagambo na Kanyamkago na mpaka Karachuonyo, jinsi mtu anavyoanzisha boma jipya? Hatoki peke yake. Baba yake, au ndugu wa baba kama baba amefariki, ndiye humwongoza alfajiri mpaka pale palipochaguliwa. Mwanawe wa kiume hubeba shoka. Mke mkubwa hubeba moto. Na jogoo aliye hai huchukuliwa pamoja nao, ili awike katika ardhi ile mpya na kuifanya kuwa maskani ya mwanamume. Jambo hilo bado linafanyika, hata kwa watu wenye magari na shahada za chuo kikuu, wakijenga nyumba za mawe na mabati ya rangi. Wachimbuzi wa zamani zijazo wakilifukua boma kama hilo huenda wasikute katika udongo kitu cha kuwaambia khabari za jogoo yule, ambaye kazi yake yote ilikuwa ni sauti; na hilo linatufundisha kuwa na hadhari na ukimya wa ardhi, kwa maana ibada kubwa zaidi za nchi hii hazikuacha shaba wala udongo wa kuchoma.

Mnyama aliyeheshimiwa zaidi ya wote hakuchinjwa wala hakufinyangwa. Chatu aitwaye Omieri, wa Nyakach, aliaminiwa kuleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliunguzwa na moto wa nyika, na magazeti ya Kenya yakajaa hoja za wanaomlilia na wanaowacheka wanaomlilia. Na mwaka 2003 alipotokea chatu mwingine pale Wasare akatamia mayai yake, watu walisema Omieri amerudi. Kabla ya hapo, mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alikuwa amesema kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza na kumtapika, na kumwagiza awaambie watu waziache desturi za Wazungu na dini yao. Na mwito huo, ulioanza kaskazini ya ghuba ya ziwa, ulipata wafuasi wenye nguvu zaidi huku kusini, kwa Wajaluo na kwa Wagusii, hata serikali ikawahamisha wakuu wake. Katika yote mawili hakuna sanamu hata moja. Nyoka alikuwa nyoka, na ziwa lilikuwa ziwa.

Wamisionari Waadventista waliofika Gendia mwaka 1906, Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Nyasaland, na wenzao walioijenga misheni ya Kamagambo miaka michache baadaye, hawakukuta sanamu za kuvunja. Walikuta dhabihu, wakazikataza. Na shule zao, ambazo nchi yote inazishukuru, zilifanya kazi ambayo kuvunja sanamu kusingaliweza kuifanya.

Basi ng'ombe wa udongo alikuwa wapi? Alikuwa mikononi mwa watoto. Wavulana waliokwenda malishoni walichukua udongo mweusi kando ya vijito viendavyo kumwaga maji yao katika mto Kuja, wakafinyanga mafahali wenye nundu na pembe ndefu, wakawajengea mazizi ya vijiti, wakawaoza na kuwalipia mahari, wakawapiganisha mpaka mkia ukakatika. Evans-Pritchard aliwaona watoto wa Wanuer wakifanya vivyo hivyo. Ng'ombe hao hawakuchomwa motoni, na mvua ya kwanza iliwarudisha udongoni walikotoka. Mimi nauthamini mchezo huo kuliko sanamu nyingi zilizomo katika makasha ya vioo, kwa kuwa ulikuwa ni chuo: mtoto alijifunza rangi, pembe na tabia za mifugo, na hesabu ya mahari, kabla hajakabidhiwa ng'ombe mwenye damu.

Wanyama wa mawe wa Tabaka ni wa zamani za karibu zaidi. Wagusii walilijua jiwe lao tangu zamani, wakachonga bakuli na mbao za bao. Lakini viboko na ndovu kwa wingi vilikuja na wanunuzi wa kigeni, hasa baada ya uhuru, kama vile wanyama wa mti wa Wakamba walivyokuja baada ya Mutisya Munge wa Wamunyu kurudi kutoka Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa amejifunza uchongaji huko. Wanaume huchimba jiwe na kulichonga likiwa na unyevu. Wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya maji na kulipaka nta mpaka ling'ae. Wapo waliovuka kazi ya soko: Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ndege wake wa amani amesimama Paris katika makao ya UNESCO, na ndovu wake alichongwa Washington mbele ya watu mwaka 2014. Hakuna mungu aliyewekewa nadhiri kwa kiboko wa Tabaka, lakini karo za shule nyingi zimelipwa naye, na hilo nalo liandikwe na watakaomfukua.

Nimeyasema haya yote kwa kuwa ardhi ya Migori na Homa Bay inafunuliwa leo kwa kasi ambayo haijapata kuwako. Huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, ilitangazwa mwaka 2023 kwamba zana za mawe za miaka isiyopungua milioni 2.6 zimepatikana pamoja na mifupa ya viboko waliochanwa nyama: mifupa peke yake ingalikuwa ni kiboko aliyekufa, mawe peke yake yangalikuwa ni mawe, bali vyote viwili mahali pamoja ni karamu ya kale kabisa. Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikizia, zenye urefu wa kufikia mita 4.5 na mazizi ya ng'ombe ndani yake, liliandikwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa dunia, likiwa lingali mahali pake. Kinyume chake ni kichwa cha udongo cha Luzira, karibu na Kampala, kilichochimbuliwa mwaka 1929 na watu waliokuwa katika kazi nyingine, kikapelekwa British Museum. Ilibidi ifike mwaka 2008 ndipo Andrew Reid na Ceri Ashley wakaweza kukitafutia zama zake, kwa kuvichunguza upya vigae vilivyookotwa pamoja nacho.

Kwa hiyo naleta ombi kwenu, wachimba dhahabu wa Kitere, Osiri na Macalder, wafyatua matofali, wakulima wa miwa mnaolimisha kwa trekta kutoka Rongo mpaka Awendo, na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo mlio karibu nao. Jembe likigonga kigae chenye nakshi, shanga, chuma cha kale, mfupa uliogeuka jiwe, au mnyama mdogo wa udongo au wa jiwe, msikioshe, msikiuze, wala msikiondoe kabla ya kupiga picha pahali kilipolala na vitu vilivyolala pamoja nacho. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyekiona awape khabari Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndani ya siku saba, akieleza pahali hasa na namna kilivyopatikana. Ofisi yao ya karibu iko Kisumu, na Thimlich Ohinga wapo watumishi wao.